Kabla ya kuziogopa sheria saba za Nuhu, isomwe gharika kwanza

Kwa miaka kadhaa sasa yamezagaa mitandaoni madai kwamba Sheria Saba za Nuhu, yaani amri ambazo marabi, walimu wa dini ya Kiyahudi, wanasema zinawahusu wanadamu wote, ni mpango wa siri wa Wayahudi wa kuitawala dunia, kwamba Marekani ilikwisha kuzipitisha mwaka 1991, na kwamba zitakapoanza kutumika kila Mkristo atahukumiwa kama mwabudu sanamu na kukatwa kichwa. Madai hayo huja na picha ya ukurasa wa sheria ya Marekani pamoja na mistari miwili mitatu ya Rambam, yule mwanasheria na tabibu Musa bin Maimoni. Ukurasa ni wa kweli na mistari ni ya kweli, kwa hiyo msomaji mwaminifu huona hana la kubisha. Upande wa pili wapo watu wasio Wayahudi, katika nchi nyingi, wanaojiita Wana wa Nuhu na kuzishika sheria hizo kama njia yao ya ibada. Wanaoziogopa na baadhi ya wanaozishangilia wana kosa moja: wameichukua orodha wakaiacha gharika iliyoipa maana.

Nashikilia kwamba orodha hiyo haieleweki mpaka kwanza ieleweke namna Wayahudi wanavyoisoma gharika, na usomaji wao si ule tuliouzoea wengi. Kwao kizazi cha Nuhu kiliangamia kwa dhuluma ndogondogo zilizokosa pa kushtakiwa. Mtu mwema pekee aliyekuwamo aliokoa nyumba yake bila kuwaombea wengine, na marabi hawakuacha kumhoji kwa hilo hadi leo. Baada ya maji kukauka moyo wa binadamu ulibaki vilevile. Kilichoongezwa duniani ni agano na sheria, na katika hesabu ya marabi mojawapo ya sheria hizo inaamuru ziwepo mahakama. Anayeziona sheria saba kama silaha hajauona ugonjwa uliotafutiwa dawa.

Kitabu cha Mwanzo kinasema dunia iliharibika mbele za Mungu, ikajaa dhuluma. Marabi waliuliza dhuluma ya namna gani, kwa sababu sura ile inataja uovu kwa jumla bila kutoa mfano hata mmoja. Jibu lao limo katika Talmudi ya Yerusalemu, mojawapo ya mikusanyo miwili mikuu ya mijadala ya marabi, na katika Bereshit Rabbah, mkusanyo wa kale wa mafafanuzi ya kitabu hicho. Mtu alikuwa akitoka na kikapu cha turmusi kwenda kuuza; turmusi ni punje chungu za jamii ya kunde, ambazo hulowekwa na kubadilishiwa maji siku kadhaa ndipo ziliwe. Anakuja wa kwanza anachota kidogo, kisha wa pili, kisha wa kumi, na kila mmoja anahakikisha alichochukua hakifikii thamani ya peruta. Peruta ilikuwa sarafu ndogo kabisa ya shaba, thumni ya isari ya Kirumi, na chini ya thamani hiyo hakimu hasikilizi dai. Jioni kikapu ni kitupu na mwenye turmusi hana wa kumshtaki, maana kila mwizi peke yake hakuiba kitu ambacho sheria inakitambua. Huo ndio uhalifu waliouona marabi chini ya maji ya gharika. Rabi Yochanan, mwalimu mkuu wa Tiberia katika karne ya 3, anakaza zaidi katika Talmudi ya Babeli, mlango wa Sanhedrini: watu wa kizazi kile walivunja kila amri, lakini hati ya hukumu yao haikutiwa muhuri mpaka waliponyosha mikono kwenye mali ya watu.

Wapo watakaoliona jibu hilo dogo mno kwa janga kubwa kiasi kile. Sura yenyewe imetaja wana wa Mungu waliojitwalia binti za wanadamu, na Talmudi haifichi kwamba zinaa ilikuwamo. Inaijadili kwa kirefu. Lakini kikapu cha turmusi kimechaguliwa kwa makusudi, kwa kuwa kinaonyesha jamii inavyoweza kuoza huku kila mtu akijiona msafi. Muuaji anajijua kuwa ameua. Aliyechota turmusi tano anarudi nyumbani na dhamiri imetulia, na mkewe akimuuliza atasema hakuchukua kitu.

Si ajabu basi kwamba Mishna, sheria iliyokusanywa takriban mwaka 200, inaita gharika kama shahidi katika suala la biashara. Kwa sheria hiyo bidhaa inayohamishika haiwi ya mnunuzi kwa kulipa fedha tu. Inakuwa yake anapoivuta kwake. Kwa hiyo muuzaji aliyekwisha kupokea fedha, kisha bei ikapanda kabla mnunuzi hajachukua mzigo, anaweza kurudisha fedha na kuvunja mapatano, na hakimu hatamlazimisha. Hapo ndipo linaposomwa tamko hili: Yeye aliyewalipiza watu wa kizazi cha gharika na kizazi cha mtawanyiko (wale wa mnara wa Babeli), ndiye atakayemlipiza asiyesimama katika neno lake. Wanazuoni wa Babeli walibishana hata juu ya namna ya kulisoma. Abaye alisema mtu huyo anajulishwa tu. Rava alisema analaaniwa. Katika visa vyote viwili, cha kikapu na cha mzigo ambao haujavutwa, gharika inatajwa pale ambapo mkono wa mahakama umefika kikomo.

Sasa tumtazame Nuhu. Msomaji wa Kurani anamjua kama mtume aliyekaa na watu wake miaka 950, akiwaita usiku na mchana. Msomaji wa Agano Jipya anamjua kama mhubiri wa haki, kwa maneno ya Waraka wa Pili wa Petro. Katika Torati yenyewe Nuhu hasemi neno hata moja kuanzia anapoambiwa ajenge safina hadi anapotoka. Maneno yake ya kwanza kuandikwa ni laana, baada ya kulevuka, dhidi ya mjukuu wake Kanaani. Talmudi inajaribu kulijaza pengo hilo kwa kusema aliwaonya watu wa zamani zake nao wakamdharau. Rashi, mfafanuzi mkubwa wa Troyes aliyefariki mwaka 1105, anaongeza kwamba ujenzi ulichukua miaka 120 kwa makusudi, ili wapita njia waulize kinachojengwa, na wakijibiwa huenda wakatubu. Onyo basi lilikuwapo. Lakini kuwaonya watu ni kazi moja na kuwatetea mbele za Mungu ni nyingine, na hii ya pili hakuna anayeweza kuionyesha katika sura zile.

Ndiyo maana maneno yanayomwita Nuhu mkamilifu katika vizazi vyake yamezua mjadala wa karne nyingi. Rabi Yochanan anasema: katika vizazi vyake, lakini si katika vizazi vingine, angeishi zama za watu wema asingeonekana. Mwenzake Resh Lakish anageuza: ikiwa alikuwa mwema kati ya wabaya wale, je, angelelewa na wema asingezidi? Talmudi inasimulia mahali pengine kwamba Resh Lakish alikuwa mnyang'anyi kabla Rabi Yochanan hajamvuta kwenye elimu. Sidhani ni bahati tu kwamba mtu aliyetoka katika genge ndiye anayejua uzito wa kubaki safi ndani ya genge. Rashi anazileta rai zote mbili na kuziacha bila kuamua. Zaidi ya hapo, kwenye mstari unaosema Nuhu aliingia safinani kwa sababu ya maji ya gharika, anaandika kwamba imani yake ilikuwa haba: aliamini na hakuamini, akangoja mpaka maji yamsukume.

Zohari, kitabu cha elimu ya ndani ya Kiyahudi kilichoanza kuenea Hispania mwishoni mwa karne ya 13, kinapiga hatua ya mbele zaidi. Nabii Isaya, katika sura ya 54 inayosomwa sinagogi pamoja na kisa cha gharika, anayaita mafuriko yale maji ya Nuhu. Kwa nini yaitwe kwa jina la aliyeokoka? Kwa sababu hakuomba rehema kwa ajili ya ulimwengu, kinajibu Zohari, na hivyo maji yameandikwa kwake. Kisha kinamweka kando ya Ibrahimu, aliyeiombea Sodoma akishusha idadi kutoka watu wema 50 hadi 10, na kando ya Musa, aliyesema kwamba ikiwa Israeli hawasamehewi basi naye afutwe kitabuni. Haya ni makali, na watetezi wa Nuhu wana hoja ya haki: aliambiwa mwisho wa wote wenye mwili umekuja, hakuulizwa maoni, ilhali Ibrahimu alifunguliwa mlango wa mashauri. Naikubali hoja hiyo nusu. Musa naye aliambiwa waziwazi niache niwaangamize, na hakuacha.

Hata hivyo mapokeo hayamwachi Nuhu akiwa mtuhumiwa tu, maana yanamfuata ndani ya safina, na humo ndimo ninamoona mafundisho mazuri kuliko yote. Safina ilikuwa dhiraa 300 kwa 50 kwa 30, yenye ghorofa tatu. Kwa rai anayoifuata Rashi, ya juu ni ya watu, ya kati ya wanyama, ya chini ya samadi. Talmudi inamnukuu Shemu akimsimulia Eliezeri, mtumishi wa Ibrahimu, jinsi walivyotaabika. Mnyama anayekula mchana walimlisha mchana, anayekula usiku walimlisha usiku. Alikuwamo kiumbe mmoja, ambaye wengi humtafsiri kuwa kinyonga, na baba yake Shemu, yaani Nuhu, hakujua anakula nini. Siku moja Nuhu alikuwa akikata komamanga, akadondoka funza, kinyonga akamla. Tangu siku hiyo akawa anakanda pumba na kuziacha mpaka zitoe wadudu, ndipo anampa. Katika Tanhuma, mkusanyo mwingine wa marabi, inasemwa hawakupata usingizi miezi 12, na siku alipochelewesha chakula cha simba, simba alimpiga akamwacha akichechemea. Mtu ambaye hakujua kuwaombea majirani alifungiwa mwaka mzima na viumbe ambavyo uhai wao ulitegemea kama ameamka au hajaamka.

Watu wanatoka, sadaka inatolewa, na Mungu anasema hatailaani nchi tena, maana mawazo ya moyo wa mwanadamu ni mabaya tangu ujana wake. Msomaji makini atashtuka, kwa sababu ubaya wa mawazo ya moyo ndio uliotajwa katika sura ya 6 kama sababu ya kuangamiza. Sababu ileile ya hukumu imekuwa sababu ya kutohukumu. Gharika haikumgeuza binadamu. Ndipo sura ya 9 inapofungua utaratibu mpya: nyama inaruhusiwa kuliwa lakini pasipo damu yake, amwagaye damu ya mwanadamu damu yake itamwagwa na mwanadamu kwa kuwa mtu ameumbwa kwa mfano wa Mungu, na agano linafanywa na Nuhu, na uzao wake, na kila kiumbe chenye uhai. Kulipiza damu hakukuachiwa mbingu tena. Kumewekwa mikononi mwa wanadamu, yaani mikononi mwa waamuzi.

Upekee wa jambo hili huonekana gharika ya Mwanzo ikilinganishwa na ile ya Mesopotamia. Desemba 1872 George Smith alitangaza mjini London kwamba amesoma kisa cha gharika kwenye vibao vya udongo vya Ninawi, na tangu hapo wapo wanaosema Torati ilinakili tu. Mfanano upo na haufai kukanushwa: chombo, wanyama, ndege wanaotumwa, sadaka baada ya maji. Lakini katika utenzi wa Atrahasis, wa takriban karne ya 17 kabla ya Kristo, miungu inaleta gharika kwa sababu watu wameongezeka na kelele zao zinamnyima usingizi mungu Enlili. Dawa wanayoileta baada ya maji inalingana na tatizo hilo: wanawake tasa, pepo wa kunyakua watoto wachanga, wanawake wa hekaluni wasiozaa. Mwanazuoni wa Kiyahudi Tikva Frymer-Kensky alilionyesha hili vizuri mwaka 1977. Katika Mwanzo tatizo ni dhuluma, kwa hiyo dawa ni sheria, na amri ya kwanza baada ya gharika ni zaeni mkaongezeke. Wingi wa watu haukuwa kosa kamwe.

Kutoka hapo marabi walihesabu saba: kutoabudu sanamu, kutomtukana Mungu, kutoua, kutofanya zinaa na maharimu wala mke wa mtu, kutoiba, kutokula kiungo kilichokatwa kwa mnyama aliye hai, na kuweka mahakama. Rabi Yochanan anazitoa zote katika amri aliyopewa Adamu bustanini. Kwa Rambam, ya kiungo iliongezwa kwa Nuhu aliporuhusiwa nyama. Hesabu haikuwa ya wote. Katika shule ya Menashe mahakama na matusi kwa Mungu havimo. Mahali pake pana kuhasi na kuchanganya mbegu. Tofauti hii peke yake inatosha kuonyesha kwamba hapa tunashughulika na wanazuoni waliokuwa wakifikiri na kubishana, kwa vile mpango wa siri hauandikwi na orodha zake mbili zinazopingana, ukafundishwa hadharani karne kwa karne.

Jambo ambalo wasambazaji wa madai hawalitaji ni undani wa sheria ya wizi. Rambam anaandika kwamba mwana wa Nuhu, na hapa maana yake ni mtu yeyote asiye Myahudi, ana hatia hata kwa kuiba chini ya peruta, na kwamba anayezuia ujira wa kibarua yumo katika kosa hilohilo. Sababu inayotolewa na Talmudi ni kwamba mwana wa Nuhu hasamehi hata kidogo kile. Lakini tazama matokeo yake: chini ya sheria saba, kila aliyechota kwenye kikapu cha turmusi anashtakiwa. Mwanya uliozamisha dunia umezibwa.

Kuhusu mahakama kuna mvutano mkubwa kati ya Rambam na mwanazuoni mwingine mwenye jina linalofanana na lake, Ramban (Musa bin Nahmani) wa Girona, aliyezaliwa mwaka 1194. Suala lao ni mji wa Shekemu, ambapo mwana wa mtawala alimteka Dina binti Yakobo, na ndugu zake wakaua wanaume wote wa mji. Rambam anasema wanaume wale walistahili, kwa kuwa waliona na kujua wasimhukumu. Kwake wajibu wa mahakama unambana kila mkazi anayenyamazia uhalifu. Ramban anakataa kabisa. Anasema mtu hauawi kwa sababu hakusimamisha hakimu, na kwamba sheria ya mahakama ina maana pana zaidi: inahusu wizi, kupunja katika bei, kuzuia mshahara, amana, ubakaji, hasara, mikopo, kununua na kuuza, yaani mataifa yote yanatakiwa kuwa na sheria kamili za madai. Katika mauaji ya Shekemu namfuata Ramban, na nadhani Yakobo mwenyewe, aliyeilaani hasira ya Simeoni na Lawi akiwa kitandani pa kufa, yuko upande wake. Ila swali la Rambam halifutiki: mji unaojua na kunyamaza una sehemu gani katika kosa?

Nirudi kwenye madai. La mwaka 1991 ndilo dhaifu kuliko yote. Sheria ya Umma namba 102-14, iliyotiwa saini na Rais George H. W. Bush Machi 20 mwaka huo, ni azimio la kuitangaza Machi 26 kuwa Siku ya Elimu, kwa heshima ya kutimiza miaka 89 kwa Rabi Menachem Mendel Schneerson, kiongozi wa Lubavitch, jumuiya ya Kiyahudi. Sheria saba zinatajwa katika utangulizi, kama jina la kale la misingi ya maadili ya jamii. Hakuna kosa la jinai lililoundwa, hakuna adhabu, hakuna mahakama, na siku kama hiyo ilikuwa imetangazwa tangu mwaka 1978. Anayesambaza picha ya ukurasa ule amewategemea wenzake wasisome kilichomo.

La Rambam ni zito zaidi, na sitalipunguza. Ni kweli ameandika kwamba Musa aliamriwa kuwalazimisha wakazi wote wa dunia kuzipokea sheria hizi, na kwamba anayezivunja huuawa kwa upanga, tena kwa shahidi mmoja na hakimu mmoja. Ni maneno makali na yapo. Lakini yako wapi? Yako katika sheria za wafalme na vita, mlangoni mwa ufalme usiokuwapo, yameandikwa Misri ya karne ya 12 na mtu aliyekuwa raia wa dola ya Kiislamu, asiye na askari wala gereza. Talmudi yenyewe inasema Sanhedrini, mahakama kuu ya Wayahudi, iliacha kusikiliza kesi za kifo miaka 40 kabla ya Hekalu kubomolewa mwaka 70. Kuhusu Wakristo na Waislamu, Menachem Meiri wa Perpignan, aliyezaliwa mwaka 1249, aliwaweka katika kundi la mataifa yaliyofungwa na desturi za dini, ambayo hukumu za waabudu sanamu wa kale haziwahusu. Kuhusu Waislamu hata Rambam hakuwahesabu waabudu sanamu.

Pingamizi lenye nguvu kweli liko kwingine, na limetoka kwa Wayahudi wenyewe. Rambam alisema mwenye kuzishika sheria saba ni miongoni mwa wacha Mungu wa mataifa na ana fungu katika ulimwengu ujao, lakini kwa sharti kwamba anazishika kwa kuwa Mungu aliziamuru katika Torati kwa mkono wa Musa. Anayezifikia kwa akili yake hayumo. Mwanafalsafa Spinoza alilishambulia sharti hilo mwaka 1670. Mwaka 1769 Mchungaji Lavater alipomtaka mwanafalsafa wa Kiyahudi Moses Mendelssohn aukanushe Ukristo hadharani au abatizwe, Mendelssohn alijibu kwamba dini yake haihitaji kumbadili mtu, kwa sababu anayeishi kwa sheria za Nuhu ana wokovu wake. Miaka minne baadaye alimwandikia Rabi Jacob Emden kwa uchungu juu ya sharti lilelile la Rambam: je, watu wote wa dunia ambao hawajaisikia Torati wameachwa? Nakala za Rambam nazo hazikubaliani. Baadhi zinamalizia kwamba mtu wa akili si miongoni mwa wacha Mungu wala wenye hekima wao. Nyingine zinasema si miongoni mwa wacha Mungu bali ni miongoni mwa wenye hekima. Hilo ni tofauti ya herufi moja ya Kiebrania, na kwa anayetaka kuishi na majirani wasio wa dini yake ni tofauti kubwa mno. Nasimama na nakala ya pili, kwa sababu ya kwanza inamfanya Nuhu mwenyewe kuwa tatizo: alimtangulia Musa, na Torati inamwita mwenye haki.

Kwa msomaji wa Afrika lipo jambo jingine katika sura hizi ambalo haliwezi kurukwa. Laana ya Nuhu kwa Kanaani ilipotoshwa kuwa laana ya Hamu na watoto wake weusi, ikahalalisha utumwa. Na katika karne ya 19 nasaba hiyohiyo ya Hamu ikageuzwa na wasafiri kama Speke kuwa nadharia ya watawala waliotoka nje, ambayo Rwanda na Burundi zimeilipia kwa damu. Usomaji wa Kiyahudi haukuwa safi hapa, maana Talmudi ina simulizi linalosema Hamu alipigwa katika ngozi yake. Lakini tayari katika karne ya 12 Ibrahim ibn Ezra wa Hispania aliandika, juu ya mstari wenyewe, kwamba wapo wasemao Wakushi ni watumwa kwa kuwa Nuhu alimlaani Hamu, nao wamesahau kwamba mfalme wa kwanza baada ya gharika alitoka Kushi. Alikuwa akimkusudia Nimrodi, mwana wa Kushi, katika sura ya 10. Mstari mmoja tu wa maandiko, uliosomwa kwa makini, uliibomoa hoja hiyo kabla haijavuka bahari.

Hata njama hii ya leo ina babu yake. Mwaka 1888 mjini Marburg, Ujerumani, mwalimu mmoja alishtakiwa kwa kudai kwamba Talmudi inaruhusu Wayahudi kuwaibia wasio Wayahudi. Mahakama ilimwita mwanafalsafa Hermann Cohen kutoa ushahidi wa kitaalamu. Cohen alieleza dhana ya mwana wa Nuhu: kwamba hapa sheria ya dini inamtambua mtu asiye wa dini hiyo kama mwenye haki na wajibu, bila kumtaka aibadili imani yake. Mwalimu alihukumiwa. Hoja ya Cohen ingali ngumu kujibiwa. Dini nyingi zimejua kumpa mgeni huruma. Kumpa hadhi ya kisheria, pamoja na haki ya kushtaki na kudai, ni jambo zaidi.

Kwa hiyo anayeupima ushawishi wa sheria hizi asianze kwa kuuliza nani atakatwa kichwa. Aulize kama mahali anapoishi kibarua aliyekatwa kidogo kwenye ujira, au mama muuza mboga anayepunjwa na kila ushuru mdogo, ana dirisha la kupeleka lalamiko lake na likasikilizwa. Aulize pia kama watu wa dini walio karibu naye huwaombea walio nje ya kundi lao. Wayahudi walijiuliza hilo mapema. Katika sikukuu ya Vibanda, wiki chache kabla kisa cha Nuhu hakijasomwa sinagogi, Mishna inasema ulimwengu huhukumiwa juu ya maji. Siku hizo Hekaluni walitolewa ng'ombe 13 siku ya kwanza, 12 ya pili, wakipungua mmoja kila siku hadi 7, jumla 70, na Talmudi inasema walikuwa kwa ajili ya mataifa 70, yaani wazao wote wa Nuhu waliohesabiwa katika Mwanzo sura ya 10. Rabi Yochanan, yuleyule aliyempunguzia Nuhu sifa, alisema juu yao: ole wa mataifa, waliopoteza wasijue walichopoteza, Hekalu liliposimama madhabahu iliwafanyia upatanisho, na sasa nani atawafanyia?